Dada Simu na Sauti Yake ya Pili

Mtu aliyepiga simu kwenye kampuni ya Mzee Baridi, kabla hajamwona muuzaji wala fundi, alikutana kwanza na sauti ya Dada Simu. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka, yenye kicheko kidogo kilichojificha nyuma ya maneno kama mtoto nyuma ya pazia. Wateja waliokuja kugombana kwa sababu ya friji isiyogandisha walikuwa wameshapoa tangu kwenye simu, na wakifika dukani waliuliza tu, "Yuko wapi yule dada wa simu?" Ndivyo jina hilo lilivyomganda. Jina la kuzaliwa likabaki kwa mama yake na kwenye karatasi ya mshahara.

Alikaa kwenye kijumba cha vioo karibu na mlango, kati ya friji ndogo za hoteli na majiko ya gesi. Aliingia pale akiwa msichana, akaolewa akiwa palepale, akazaa, akanenepa kidogo, na sauti haikubadilika. Mume wake, mwalimu wa hesabu, alipenda kuwaambia wenzake kwamba yeye aliposa kwa simu na kwamba sura ilikuja baadaye kama nyongeza.

Mzee Baridi, mwenye kampuni, alianza maisha kwa kutengeneza friji chakavu nyuma ya nyumba yake. Akafungua duka, akaongeza la pili, na katika kuzeeka akafikia ile hali ya mtu anayeamini kwamba kilichomfikisha hapo ndicho kitakachompeleka popote. "Friji haiuzwi kwa picha," alikuwa akisema. "Mtu anataka kuufungua mlango, aufunge, ausikie."

Na kweli wateja waliendelea kuja, wakifungua milango na kuifunga. Kisha walitoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta wa duka, wakatoa simu zao, na kununua friji ileile kwa vijana fulani wasio na duka wala kiti, wenye programu ya simu tu na pikipiki ya magurudumu matatu. Mlinzi wa mlangoni aliwaona kila siku. Hakusema neno, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulinda vitu visitoke, na hakuna kilichokuwa kinatoka.

Aliyeona hatari ni binti wa Mzee, aliyekuwa amesomea biashara na kupewa cheo cha Mkurugenzi. Alikuwa na akili nyingi na subira kidogo. Siku moja aliwakusanya wafanyakazi wote katikati ya duka.

"Baba," alisema, "tukiendelea hivi tutakuwa jumba la makumbusho ya friji."

"Makumbusho wanatoza kiingilio," Mzee akajibu. "Sisi watu wanaingia bure."

Wafanyakazi walicheka kwa adabu, upande huu na upande ule, kila mmoja akihakikisha amechekea pande zote mbili. Lakini mauzo yalikuwa yameshuka na Mzee alilijua hilo. Mwisho alikubali kampuni iingie kwenye dijitali, kwa sharti moja ambalo hakulitaja kwa mdomo: kisibadilike kitu.

Kwa hiyo vilinunuliwa vishikwambi kwa ajili ya mafundi, zile kompyuta bapa za kushika mkononi, ili kila fundi aweze kuunganisha chake na friji na kuona ugonjwa ulipo. Mzee akaona ni vizuri mno kutumiwa. Akaogopa vitaibiwa, akavifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwake na ufunguo akautia mfukoni. Ikatengenezwa programu ya simu ili wateja waagize wakiwa nyumbani. Agizo likiingia, lilichapishwa kwenye karatasi, likapelekwa kwa Mzee agonge muhuri, kisha karani akalirudisha kwenye kompyuta kwa kuliandika upya. Agizo lililochukua siku moja kwa njia ya zamani sasa lilichukua siku mbili kwa njia ya kisasa. Ukutani ikawekwa skrini kubwa yenye mistari ya kupanda na kushuka, na wageni walipenda kupiga picha mbele yake.

Kisha ikaja mashine ya kujibu simu. Mshauri aliyeleta mpango huo, kijana mpole mwenye viatu vyeupe, alitaka kununua sauti iliyo tayari. Mkurugenzi akakataa. "Tuna sauti ambayo mji mzima unaijua," alisema. "Kwa nini tununue ya mgeni?" Akamwita Dada Simu.

"Hii mashine inakuja kunisaidia au kuniondoa?" Dada Simu aliuliza.

"Kukusaidia. Maswali ya kijinga yatakwenda kwake. Wewe utabaki na yale magumu."

"Lakini hayo ya kijinga ndiyo yanayonipumzisha."

Mkurugenzi alidhani ni utani. Dada Simu naye, baada ya kufikiri, akaona ni heshima kubwa kuombwa sauti, maana hakuna aliyewahi kumwomba muuzaji uso wake wala mlinzi miguu yake. Akakubali.

Walimweka kwenye stoo waliyoizungushia magodoro ili mwangwi usiingie. Alisoma majina ya bidhaa, siku za wiki, namba, salamu. Halafu Mshauri akamtaka aseme "pole" kwa namna nne. Ya kwanza kwa mtu aliyesubiri kidogo. Ya pili kwa aliyesubiri sana. Ya tatu kwa mwenye friji iliyoharibika. Ya nne kwa mwenye friji iliyoharibika ikiwa imejaa vyakula. Kwenye hiyo ya nne Dada Simu alikwama. Akafumba macho, akaikumbuka siku waliyomzika baba yake, akasema, "Pole sana."

Mshauri akainua kidole gumba. "Hiyohiyo. Hebu irudie tena, lakini bila kuvuta kamasi."

Alitoka stoo akiona fahari, na wakati huohuo akijihisi kama mtu aliyechomolewa kitu na hajui ni kwenye mfuko upi.

Siku ya uzinduzi palikuwa na keki. Mzee Baridi alipewa heshima ya kupiga simu ya kwanza mbele ya wote.

"Binti, hujambo," alisema. "Ni mimi, mwenye kampuni."

"Samahani, sijakuelewa," ikajibu sauti ya Dada Simu, tamu kama kawaida. "Kwa mauzo, bonyeza moja."

"Nimesema ni mimi. Mwenye kampuni."

"Samahani, sijakuelewa. Kwa matengenezo, bonyeza mbili."

Mzee akageuka kumtazama Dada Simu, aliyekuwa amesimama karibu na meza mdomo umejaa keki. "Miaka yote hii," alisema taratibu, "hajawahi kunijibu hivi." Na kwa siku kadhaa akawa hamsalimii vizuri.

Baada ya hapo kijumba cha vioo kiliwekewa mtambo wa maji ya kunywa, na Dada Simu akapandishwa ghorofani kwenye kitengo kipya cha Malalamiko. Kitengo kilikuwa na meza moja, simu moja, kompyuta moja na dirisha linalotazama matangi ya maji. Kazi yake ilikuwa kupokea watu walioshindwa na mashine. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Jambo moja tu halikufikiriwa: mtu akihangaika na sauti ile mpaka ikamwelewa kwamba anataka binadamu, alikuwa anapelekwa kwa sauti ileile.

"Malalamiko, nikusaidie nini?" Dada Simu aliuliza simu yake ya kwanza kule juu.

Mwanamume akasema, "Nne."

"Samahani?"

"Nne. Sifuri. Nyota."

"Ndugu yangu, mimi ni mtu."

"Hata yule wa kwanza alianza na upole hivihivi."

"Yule ni mashine. Amechukua sauti yangu. Mimi ndiye mwenyewe."

Yule bwana alifikiri kidogo. "Haya, kama ni mtu, leo umekula nini?"

Ilikuwa alasiri na kazi za kuhama zilikuwa zimemsonga. "Bado sijala," Dada Simu akasema kwa ukweli.

"Nilijua. Mashine hazili." Akakata.

Wengine walimtega kwa mafumbo, wengine walimtaka aimbe. Mwanamke mmoja alimwomba apige chafya. Wengi hawakusema kitu, waliisikia "Malalamiko, nikusaidie nini?" wakashusha pumzi ndefu na kukata simu. Kwenye skrini kubwa kule chini, mstari wa kuridhika kwa wateja ulikuwa unapanda vizuri, maana Mshauri aliuweka uhesabu kwamba simu fupi ni ya mteja aliyeridhika. Kadiri watu walivyokata kwa hasira ndivyo mstari ulivyopanda, na Mkurugenzi, ambaye hakuwa na sababu ya kuushuku, aliuonyesha kwa baba yake kwa furaha.

Nyumbani nako mashine ilifika kwa njia yake. Mama mkwe wa Dada Simu alikaa mtaa wa pili, peke yake, na tangu zamani alikuwa na tabia ya kumpigia mkwewe kazini mchana kumweleza habari za mguu wake. Dada Simu, akiwa na laini mbili zinazolia, alikuwa akimwambia, "Mama, nitakupigia baadaye," na baadaye hiyo ilikuwa haifiki. Jumapili moja mama alikuja kula chakula, akaketi, akanyoosha mguu wenyewe juu ya kigoda.

"Mkwe wangu siku hizi umebadilika," alisema. "Tena nataka mwanangu asikie. Mkeo sasa ananisikiliza."

Dada Simu akaacha kupakua.

"Nikikwambia mguu haufanyi kazi vizuri, hunikatizi. Unaniambia pole sana, ile pole inayoingia mpaka mfupani. Halafu unaniuliza, tatizo limeanza lini. Hata daktari hajawahi kuniuliza kwa upole vile."

Mwalimu wa hesabu aliinamia sahani yake kana kwamba ina swali la mtihani. Baadaye, jikoni, akamwambia mke wake kwa sauti ya chini, "Tafadhali usimwambie. Mama ana furaha."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye unayesifiwa."

Dada Simu aliosha vyombo akiwaza kwamba katika ndoa yote hii ameanza kupendwa na mama mkwe siku aliyoacha kupokea simu zake.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu, maana watu huzoea. Kilichoyavunja ni simu ya muuguzi wa zahanati moja ndogo, asubuhi ya Jumatatu. Friji yake ya dawa, aliyoinunua kwa Mzee Baridi, ilikuwa imeacha kupoza. Mashine ilimwambia pole sana, ile ya nne, ikampangia fundi Alhamisi. Muuguzi akaeleza kwamba ndani kuna dawa za wagonjwa wa kisukari. Mashine ikasema samahani, sijakuelewa. Akabonyeza kila kilichobonyezeka mpaka akafika ghorofani.

"Malalamiko, nikusaidie nini?"

"Mungu anakuona," muuguzi akasema, na kukata.

Kwenye kompyuta ya Dada Simu mashine ilikuwa imeandika jina la zahanati, namba ya simu na maneno mawili: friji, dawa. Akapiga ile namba. "Halo dada, napiga kutoka kampuni ya friji, mimi ni..." Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa kabla ya "halo" kuisha. Mara ya tatu simu ilikuwa imezimwa.

Akashuka ngazi mbiombio mpaka kwa fundi mmoja aliyeitwa Gesi, kijana mwenye mikono mizuri na maneno machache. "Friji ya dawa ya zahanati imeacha kupoza. Twende," akamwambia.

"Friji za aina hiyo siwezi kuzipima bila kishikwambi," Gesi akasema. "Na kabati amefunga Mzee."

Mzee Baridi aliposikia kwamba dijitali imeshindwa na mgonjwa anasubiri, macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyerudishiwa ujana. Hakutaka kusikia habari za kabati. Alichukua sanduku lake la zamani la vifaa, akapanda gari mbele, na njia nzima akawasimulia jinsi alivyokuwa akiitambua kompresa mbovu kwa kuweka sikio tu.

Kwenye zahanati muuguzi alikuwa amepiga magoti mbele ya friji akiipepea kwa faili. Dada Simu akamsogelea. "Pole, dada. Tumekuja."

Muuguzi akainua kichwa polepole, akautazama mdomo wake. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wewe uliyeniambia Alhamisi?"

"Aliyekuambia ni mimi," Dada Simu akasema, "lakini sikuwepo."

Hapakuwa na muda wa kulichambua hilo. Jirani palikuwa na duka la soda. Dada Simu akaenda kumsihi mwenye duka, kwa sauti ile ambayo mji mzima uliijua, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kuna mtu aliyeamini kwamba ni ya binadamu. Soda zikatolewa zikapangwa chini, dawa zikaingia kwenye friji ya duka mahali pake.

Mzee Baridi wakati huo alikuwa ameweka sikio kwenye friji. Akasikiliza. Akagonga. Akafungua kifuniko cha nyuma, akakuta ubao mdogo wenye taa moja ya kijani iliyokuwa inakonyeza kama inayomcheka. Akaitazama ile taa, na ile taa ikaendelea. Baada ya muda mrefu alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akatoa ufunguo mfukoni na kuushika tu.

"Mpigie binti yangu," akamwambia Gesi. "Mwambie aje achukue huu ufunguo... hapana. Mwambie avunje kabati."

Mkurugenzi alikuja mwenyewe na kishikwambi, vumbi la kufuli kwenye mikono ya blauzi. Gesi akakiunganisha, akasoma, akabadilisha kidude kidogo cha kupimia baridi, na friji ikaanza kunguruma. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo ya Mzee kwenye gari. Mzee hakuona haya kulisema hilo. Alilisema kwa hasira, lakini alilisema. Na Mkurugenzi, alipomsikia muuguzi akisimulia jinsi alivyobonyeza, akaomba arudie tena kutoka mwanzo, akaketi naye kwenye benchi mpaka akaelewa ni nini hasa kilichokuwa kinaupandisha ule mstari wa ukutani.

Wiki ile mambo yalienda kwa kasi. Vishikwambi vikawa mikononi mwa mafundi. Muhuri ukapewa mjukuu wa Mzee achezee. Mshauri alifundisha mashine kwamba mtu akitaja dawa, mtoto au mgonjwa, asiulizwe chochote, apelekwe kwa binadamu moja kwa moja. Dada Simu naye aliomba jambo lake: waondoe sauti yake kwenye mashine. Wakaikubali hoja, wakarekodi ya Gesi.

Wateja wakalalamika siku ileile. Walisema sauti ya Gesi ni kama ya polisi anayeomba kitambulisho. Walimtaka yule wa zamani, yule mashine mwenye utu.

Mkurugenzi alipanda ghorofani akakaa kwenye ukingo wa meza, hana raha. "Dada Simu, itabidi sauti irudi. Sasa nilikuwa nawaza, ili watu wasichanganyikiwe, je, wewe ungeweza kubadilisha yako?"

"Yangu ipi?"

"Hiyo ya mdomoni."

Dada Simu akaanza kucheka mpaka akashika kiti. Alikubali kwa sharti moja, na safari hii alilitaja kwa mdomo: ile pole ya nne ifutwe kwenye mashine kabisa. Ikafutwa mbele ya macho yake.

Tangu hapo anapokea simu kwa kusema, "Haya, sema." Anamkatiza mtu akizunguka. Anapiga miayo. Akikasirika anakasirika, na akimwonea mtu huruma anasema pole ya siku hiyo, kama ilivyo. Alidhani watamshtaki. Badala yake wateja wakawa wanaambizana kwamba ukiweza kufika ghorofani kuna mtu kabisa, tena mkali, na shida yako itatatuliwa. Miaka yote ile ya utamu ilikuwa imemchosha kuliko alivyojua. Aliongezewa wasaidizi wawili, wahitimu wenye sauti nzuri, na kazi yake ngumu zaidi ni kuwazuia wasiongee kama wanatangaza habari.

Mama mkwe aliona tofauti haraka. Alikuja bila taarifa, akaketi, mguu juu ya kigoda. "Siku hizi huniambii pole," alisema.

Mume hakuwepo wa kumkanya kwa macho, kwa hiyo Dada Simu akasema, "Mama, yule hakuwa mimi. Ilikuwa mashine."

"Najua."

"Unajua?"

"Unadhani mimi mjinga? Mtu gani mwenye mume na watoto anaweza kusikiliza habari za mguu mmoja mchana kutwa?"

"Sasa kwa nini uliendelea kupiga?"

"Kwa sababu ilikuwa inapokea."

Dada Simu akauvuta mguu wa mama mkwe mapajani mwake, akaanza kuukanda, vibaya, maana hakuwa na ujuzi huo, na mama akalalamika kwamba anaminya pasipouma. Siku hizi Dada Simu ndiye anayempigia mama, kila mchana, kutoka kule juu kwenye dirisha la matangi. Mama amewaambia majirani kwamba mkwe wake ana sauti ya ukali, ana haraka, na hampi mtu nafasi amalize sentensi.